Ramani Iliwapeleka Wateja Wangu kwa Mama Mkwe

Saa mbili na nusu asubuhi mama mkwe alinipigia simu. Huyu mama huwa hanipigii. Akitaka kunisema, humpigia mke wangu.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "kuna mwanaume sebuleni kwangu. Amevua kiatu kimoja. Anasema hatoki mpaka nimbandikie soli."

Nilicheka nikidhani ni utani. Halafu nikakumbuka kwamba mama mkwe wangu hatanii wala hataniwi.

"Mama, mpe simu huyo mtu."

Jamaa akaja hewani. "Fundi, nimeshafika kwenu. Mama hapa ananihoji kama polisi. Ramani ndiyo imenileta mpaka mlangoni."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Jasho lilinitoka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni fundi viatu. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye baraza la duka la dawa, barabara kuu, kila apitaye ananiona. Kisha barabara ikapanuliwa, na sisi wa barazani tukaondolewa. Nikapata kibanda nyuma ya ghorofa, kwenye uchochoro ambao hata paka huulizia njia. Wateja wakapotea. Nilikuwa nashinda nikifuta vumbi kwenye kopo la gundi.

Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kunikubali. Siku nilipokwenda kuposa aliitazama mikono yangu, akamgeukia binti yake, akauliza mbele yangu: "Huyu?"

Neno moja tu. Miaka tisa imepita na bado lilikuwa linaniuma.

Sasa akapata upenyo. Jumapili moja alituita kwake, kumbe ameshanitafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala la mdogo wake. Nianze mwisho wa mwezi.

"Ufundi umekushinda, baba. Kukubali si aibu."

Mke wangu akanikanyaga mguu nisijibu. Basi nikateremsha simu chini ya meza, nikaendelea na jambo alilonishauri fundi simu, jirani yangu wa kibandani: kuiweka biashara kwenye ramani ya mtandaoni. Kibandani mtandao ni wa kubahatisha, ila kwa mama mkwe unashika vizuri. Jina la biashara, nikajaza. Picha, nikaweka. Simu ikauliza kama itumie mahali nilipo sasa.

"Unanisikiliza?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama," nikajibu, na kidole nacho kikabonyeza ndiyo.

Ndiyo hivyo. Asubuhi ile ya simu ya mama nilijaribu kurekebisha, ramani ikasema mabadiliko yanakaguliwa. Hao wakaguzi sijui wanaishi wapi, lakini haraka hawana. Walikagua siku tisa.

Jioni ya kwanza nilikwenda kwa mama na gunia, nimejiandaa kwa matusi. Nikakuta jozi nne zimepangwa juu ya gazeti, kila jozi na karatasi yake: jina, namba ya simu, ugonjwa. Aliandika hivyo hivyo, ugonjwa. Karatasi moja ilisema: *Kisigino kimeliwa upande wa kulia. Mwenyewe anatembea vibaya, nimemwambia.*

Pembeni lilikuwepo daftari la mahudhurio alilobaki nalo tangu enzi za ualimu. Wateja wote wamepewa namba.

"Kesho saa nne virudi," alisema. "Nimeshawaahidi watu."

Kesho yake saa nne nikavirudisha. Akavaa miwani, akageuza kiatu, akapitisha kucha kwenye mshono.

"Hapa uzi umeruka. Rudia."

Nikarudia, mteja ananitazama. Niliona aibu ya mwaka.

Lakini wateja walizidi. Siku ya nne nilikuta jozi kumi na moja. Mojawapo, viatu vyeusi vya kike vya zamani, haikuwa na jina. Karatasi ilisema tu: *Mshono umeachia. Mwenyewe anajulikana.* Sikuuliza, nikashona. Asubuhi yake vilipita ukaguzi bila neno, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi.

Mtandaoni nako maoni yakaanza kuingia. *Nyota tano. Kazi safi. Mama wa mapokezi ni mkali ila ana haki.* Mwingine: *Nyota nne. Nimefokewa kwa sababu ya soksi. Kiatu kimekuwa kipya.*

Siku ya kumi ramani ikakubali, alama ikahamia kibandani. Nikampigia mama kwa furaha.

"Mama, usumbufu umekwisha. Hawaji tena."

"Aha," akasema. "Vizuri." Akakata.

Siku mbili nilipata wateja watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea akitafuta choo. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ijayo. Niliogopa, siwafichi. Nilishaanza kujiona na filimbi shingoni mlangoni pa ghala.

Siku ya tatu naangalia simu: alama imerudi kwa mama mkwe!

Nilimwita fundi simu. Akachungulia, akaanza kucheka.

"Kaka, watu wengi wakiiambia ramani kwamba mahali pamekosewa, inawaamini. Hawa ni ishirini na tano, wote tangu jana. Umemkosea nani?"

Nilifunga kibanda, nikaenda mbio. Nikamkuta mama sebuleni, miwani puani, daftari mapajani, simu sikioni.

"Namba ishirini na sita? Mwalimu hapa. Umeshaiambia ramani? Sijakuuliza kama utaiambia. Nimeuliza, umeshaiambia?"

Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Alimaliza simu, akaweka alama ya vema kwenye daftari.

"Tangu mume wangu afariki, nyumba hii ilikuwa haigongwi hodi," alisema. "Na baraza langu linatazama barabara. Kalete meza yako, baba."

Nikauliza la kijinga: "Na kazi ya ghala?"

"Nilimwambia mdogo wangu atafute mlinzi mwingine. Wiki iliyopita."

Mchana ule tulihamisha vitu, mimi na mke wangu. Niko barazani nafunga mguu wa meza, yeye kasimama na simu yangu anasoma maoni ya wateja, mara akanipa simu.

Kulikuwa na picha ya viatu vyeusi vya kike vya zamani. Chini yake, maneno ya tangu wiki iliyopita ambayo sikuwa nimeyaona:

*Nyota tano. Nimekagua mshono mara tatu. Fundi huyu ni mkwe wangu. Siku alipokuja kuposa niliuliza, "Huyu?" Leo najijibu mwenyewe. Huyu.*

Nililia, na sioni aibu kuandika hapa. Mama akatoka ndani, akaniona, akasema nisilowanishe ngozi za wateja.

Mwenzangu mwenye biashara ndogo, weka kazi yako mtandaoni, ila tazama umekaa wapi kabla ya kubonyeza. Na anayekudharau usibishane naye. Mshonee kiatu vizuri, halafu mwache akague.

Ukija kwetu, karibu sana. Ila fua soksi kwanza, mapokezi hawajabadilika.