Idadi ya Waliopo

Mwalimu Walburga Mapunda hakuwa mtu wa kupiga soga. Kengele ya kutoka ikishalia, walimu wenzake walitawanyika kila mtu na hamsini zake, na msiwalaumu, maana zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu ruhusa kujitafutia, na mshahara wa mwalimu ulikuwa unakata roho kabla ya tarehe kumi. Mmoja alikimbilia genge lake la nyanya Msamala, mwingine alikuwa na tuisheni, mwingine aliuza mitumba ya shemeji yake. Walburga alibaki darasani. Alikwenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa, la pembeni karibu na dirisha, magoti yamebanwa kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto, akaandika andalio la somo la kesho.

Kwa ambao hawajawahi kushika chaki, andalio la somo ni ukurasa ambao mwalimu anauandika kabla ya kuingia darasani. Mada ni ipi, lengo ni nini, vifaa gani, mwalimu atafanya nini na watoto watafanya nini. Juu kuna nafasi mbili, walioandikishwa na waliopo. Chini kuna tathmini, mahali pa kusema somo limekwendaje. Na hapo chini ndipo walimu wa shule ile, ambayo sitaitaja, walipoandika sentensi moja miaka nenda miaka rudi: Wanafunzi wengi wameelewa, wachache watasaidiwa. Wengine waliiandika asubuhi na mapema, somo lenyewe halijafundishwa. Hao wachache walisaidiwa lini? Thubutu. Walikaa nyuma, wakazeeka huko nyuma, wakatoka darasa la saba wakiwa hawajui kuandika majina ya baba zao.

Andalio la Walburga lilikuwa jambo jingine. Aliugawa ukurasa mara tatu. Chukua somo lake la kusoma, darasa la pili, habari ya kuku na mwewe. Wanaosoma vizuri walipewa kalamu na karatasi. Wa katikati walipewa kadi alizozikata kwenye maboksi ya sabuni, wakapanga maneno. Wale ambao herufi zilikuwa bado zinawakimbia aliwaita mbele, mmoja awe kuku, mmoja awe mwewe, wengine vifaranga, wasimulie kwa midomo yao wenyewe kilichotokea. Na wale wa kalamu walitakiwa kuandika kile hasa ambacho wa mbele wanasema, neno kwa neno. Ungewaona. Mtoto ambaye hajui a wala be anasimulia mwewe alivyoshuka, kwa Kiswahili chenye Kingoni ndani yake, na yule wa kwanza darasani anamwomba, "Rudia, sijapata." Kesho yake kadi zilizopangwa zilikuwa za maneno ya mtoto yule yule, na maneno yako mwenyewe hayakuchukui siku tatu kuyatambua. Mtoto asiyejua kusoma anajua kusimulia. Jambo dogo hilo, lakini lilimgharimu Walburga mno kulijua.

Walimu wenzake walimtania kwamba fundi wa maandalio hajui kuhesabu. Darasa likiwa na watoto arobaini na wanne, alikata kadi arobaini na tano. Vizibo vya soda vya kuhesabia, mafungu arobaini na matano. Kwenye nafasi ya waliopo aliandika idadi iliyozidi kwa mmoja, kisha anaifuta, na karatasi pale ilikuwa imechakaa kwa kufutwa. Yeye alicheka nao, akasema uzee unaingia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Ukweli ni kwamba Walburga alikuwa anaogopa darasa lake mwenyewe. Watoto wakisoma kwa pamoja, ba, be, bi, alisikia sauti moja ikija nyuma ya wenzake. Wote wameshanyamaza, yeye ndiyo kwanza anamaliza. Bu. Aligeuka haraka kutazama midomo, na midomo yote ilikuwa imefungwa, macho yanamtazama yeye. Siku nyingine, katikati ya kiangazi, mwezi wa tisa, vumbi hadi kwenye nyusi, alikuta sakafu ya mlangoni imeloa. Aliuliza nani amemwaga maji. Hakuna mtu aliyemwaga. Alichukua tambara akafuta mwenyewe.

Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Tumpe.

Sasa nirudi nyuma miaka saba, mwaka wa themanini na tisa, Walburga ametoka chuoni juzi juzi, binti wa kijijini Maposeni, anaogopa kila mwenye cheo. Shuleni hapo palikuwa na desturi ambayo walimu waliiita kupepeta. Mkaguzi akitarajiwa kesho, leo mwalimu mkuu anapita madarasani anauliza, "Mmeshapepeta?" Maana yake, wale wazito, wale watakaoulizwa swali wakakodoa macho, umewaambia wasije? Mwalimu mkuu wa wakati huo, Mzee Kajetani, aliisema hivyo hivyo kama mtu anayeulizia mahindi, na hakuna aliyeshtuka. Kila mwalimu aliwajua makapi wake. Walburga alikuwa nao watatu. Aliwavuta pembeni saa ya kutoka akawaambia, "Kesho ninyi pumzikeni nyumbani. Msimwambie mtu." Watoto walifurahi. Nani hapendi kupumzika?

Tumpe alikuwa mmoja wao, miaka tisa, mtoto wa watu wa Mbeya waliohamia Msamala. Baba yake, Saimon, alikuwa fundi wa magari, na mama yake aliuza mchele wa Kyela sokoni. Asubuhi mtoto akagoma kuvaa sare. Mama akauliza kulikoni. Mtoto akasema mwalimu amesema tusije. Mama, ambaye alilelewa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, akaona huu ni utoro na uongo juu yake. Akachukua fimbo. Akamchapa sawasawa, akamvalisha, akamtoa nje.

Walburga alikuwa wa kwanza kufika shuleni siku hiyo, anabandika picha ukutani kwa ajili ya mkaguzi. Akasikia hodi. Tumpe amesimama mlangoni, miguu ina alama za fimbo, macho yamevimba. Hakuna mtu mwingine uwanjani. Walburga hakumuuliza nani amekuchapa. Alichokiona kichwani ni gari la mkaguzi linaingia na mtoto huyu yumo darasani. Akachukua ndoo ya maji ya kutuliza vumbi, akampa. "Nenda kijitoni ukachote maji. Usirudi mpaka uone gari la mkaguzi limeondoka." Tumpe akasema, "Ndiyo mwalimu," akachelewa kidogo kama kawaida yake, kisha akashuka bondeni.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Mjini hapakuwa na mvua, jua linawaka, lakini huko juu Matogoro ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kijito kikija kutoka milimani hakipigi hodi. Mtoto alikaa ukingoni akingoja gari liondoke, kama alivyoagizwa. Mkaguzi alikaa mpaka saa saba. Alilisifu sana darasa la Mwalimu Walburga. Waliopo arobaini na mmoja, wote wanajibu.

Walimkuta siku ya pili, chini kabisa kwenye mashamba ya mpunga. Ndoo haikuonekana.

Mama Tumpe alifika shuleni kabla hata ya mazishi, na kichanga mgongoni. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: mwalimu, uliwaambia watoto wasije? Walburga akasema hapana. La pili: Tumpe alifika shule? Walburga akafungua daftari la mahudhurio, akamwonyesha mstari, na pale siku ile palikuwa na sifuri, alama ya asiyefika. Aliiandika mwenyewe, kwa wino. Mama Tumpe alitazama ile sifuri muda mrefu, maana kusoma alijua kidogo. Kisha akasema, "Basi ni fimbo yangu. Alikasirika akakimbilia mtoni." Walburga akalifunga daftari, akalirudisha kabatini.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilikuwa ndefu, miaka saba. Wale watoto wawili wengine hakuna aliyewauliza kitu, makapi huulizwa nini? Mzee Kajetani alistaafu, akafa, akazikwa kwa heshima zote na ubani juu. Na kule Msamala, kila Saimon alipokunywa, majirani walisikia: "Wewe ndiye uliyemuua mwanangu kwa fimbo yako." Walisikia na walimsimulia Walburga, kwa sababu habari za mtu hazikosi wa kuzibeba. Alikwenda Peramiho kuungama. Padri akamwambia Mungu amesikia, lakini aliyetakiwa kusikia kwanza ni yule mama. Walburga alifunga safari ya Msamala mara ngapi? Alifika hadi sokoni, akamwona Mama Tumpe anapima mchele, akasalimia, akanunua kilo moja ambayo hakuihitaji, akarudi nayo nyumbani. La kuvunda halina ubani, na yeye alikuwa anaendelea kufukiza.

Ubani wake ndio hayo maandalio. Alianza wiki ile ile ya mazishi. Kila akiandika hatua ya somo alijiuliza, na Tumpe hapa angefanya nini? Kama hakuna jibu, hatua inafutwa, anaanza upya. Basi watoto wa nyuma wakaanza kusoma, kweli wakasoma, na sifa zikaenea. Kituo cha walimu wakamwita kwenye semina awafundishe wenzake. Mwezeshaji mmoja kutoka mkoani akamuuliza mbele ya watu mbinu hii ameipata chuo gani. Walburga akasema, "Kazini tu." Wakampigia makofi. Alitoka nje kabla makofi hayajaisha.

Januari ya tisini na sita, siku za kuandikisha darasa la kwanza, alikuwa peke yake darasani saa tisa mchana, daftari la majina mbele yake. Mama Tumpe akaingia. Amekonda, kitenge kimefungwa vizuri, na kushoto kwake binti wa miaka saba, yule aliyekuwa kichanga mgongoni.

"Shikamoo mwalimu," mtoto akasema, akachelewa kidogo.

Walburga akaitikia marahaba.

"Huyu ni Pamela," Mama Tumpe akasema. "Nimekuletea wewe. Wanasema kwako hata mzito anasoma, na huyu naona ni mzito kama dada yake. Ila nakuomba kitu kimoja, mwalimu. Akianza utoro, wewe ndiye umchape. Mimi siwezi. Tangu siku ile sijashika fimbo, hata mbuzi simfukuzi."

Walburga akaishika kalamu, akaiweka. Alijua kwamba akiandika jina hili sasa, atamfundisha mtoto huyu miaka miwili na kumtazama mama yake machoni kila mwisho wa muhula, na ataweza. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba ataweza kabisa.

"Mama Tumpe, keti," akasema. "Tumpe hakutoroka."

Mama hakuketi.

"Nilimwambia asije. Yeye na wenzake wawili, kwa sababu ya mkaguzi. Hakukudanganya. Na alikuja. Ulipomtuma shule alikuja moja kwa moja, akafika kabla ya wenzake wote. Mimi ndiye niliyemtuma mtoni nimfiche. Ile sifuri niliandika mimi."

Nje watu walikuwa wanapita barabarani wakiongea. Pamela alikuwa anatazama picha ya kuku ukutani. Mama Tumpe alisimama vile vile, na uso wake haukuonyesha hasira wala kilio, ulionyesha mtu anayerudi nyuma mwaka baada ya mwaka akipangua kila kitu.

"Alikuwa analia?" akauliza.

"Alikuwa ameshamaliza kulia."

"Na ulimfundisha nini siku hiyo?"

Walburga alikuwa na maandalio ya miaka saba kabatini, kila somo na lengo lake, kila mtoto na kazi yake.

"Sikumfundisha kitu, mama. Nilimpa ndoo."

Mama Tumpe akatikisa kichwa polepole. "Alinitii," akasema, kwa sauti ndogo, na hakuwa anamwambia Walburga. "Mwanangu alinitii." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, nayo hakuyafuta. Walburga alipiga magoti, akaambiwa asimame, asimfanyie sanaa.

"Baba yake yuko nyumbani saa hizi," Mama Tumpe akasema. "Twende ukamwambie wewe, na majirani wasikie, kama walivyosikia mengine yote. Mimi nimesemwa miaka saba, sina tena mdomo wa kusema."

"Twende," Walburga akasema, akainuka kutafuta ufunguo.

"Ngoja. Mwandike kwanza huyu."

"Mama Tumpe, huenda wakanifukuza kazi."

"Mwandike. Kama watakufukuza watakufukuza kesho."

Walburga akaandika jina la Pamela, akafunga darasa, akawafuata kuelekea Msamala.