Pole Katikati ya Kimbunga

Bartholomeo alikuwa mtu mzuri, tatizo lake baiskeli. Alianza kuiota wiki ile ile aliyofunga ndoa na Severina kanisani Tosamaganga. Anakula, baiskeli, anapalilia, baiskeli, hata akisali nadhani alikuwa anaiona inapita mbele ya altare. Mwisho akajiandikisha kwenda manamba, kukata mkonge karibu na Lindi, apate hela ya kuinunua, na Severina akafuatana naye. Angebaki na nani? Baba na mama yake walikwisha kufa zamani, masista ndio waliomlea. Nyumba pekee aliyokuwa nayo duniani ni ya mama mkwe wake, Mama Lusia, pale Kihesa, milimani bara, na Mama Lusia naye mtoto wake alikuwa huyo huyo mmoja wa baiskeli. Siku ya kuondoka aliwasindikiza mpaka kwenye lori. "Usimwache peke yake," alimwambia Severina. Severina akasema hatamwacha.

Mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na mbili, bahari ikachafuka. Watu wa bara pale kambini hawakuelewa kitu. Waliona tu wingu limeshuka chini, rangi ya sufuria iliyoungua, na ndege weupe wa baharini wanakimbilia porini. Alfajiri upepo ukaanza kupiga kutoka kusini. Jua lilipopaswa kuwa limepanda, mikorosho ilikuwa inang'oka na mizizi yake, minazi inakatika katikati, na mabati ya ghala la mkonge yanaruka juu ya mashamba bila kutua. Severina na Bartholomeo walilala kifudifudi chini ya kitanda, wameshikana mikono, wanasali kila sala waliyoijua na nyingine hata hawakuzimaliza.

Halafu upepo ukaacha. Haukupungua, ukaacha. Severina akatoka nje akakuta jua. Juu palikuwa na uwazi wa buluu, mviringo, mawingu yamesimama pembeni pande zote, na hewa imetulia kabisa, ya joto, inanukia majani mabichi yaliyochanika. Ndege wa baharini walikuwa wamekaa chini njiani kwa uchovu, hawamwogopi mtu. Aliwapita karibu, akaona macho yao. Hakusikia sauti yoyote isipokuwa maji yanayodondoka. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema hajawahi kuona mahali pazuri namna ile, na kwamba alikuwa anatembea bila kuhisi miguu yake.

Hapa ndipo mazoea ya kwao yalipomponza, au yalipomwokoa, sijui. Nimebishana na watu juu ya jambo hili mpaka nimechoka. Kule Kihesa mvua ya mawe haina haki. Inapiga shamba la huyu mpaka mahindi yanabaki vijiti, la jirani inaliacha linameremeta. Ikishapita imepita, hairudi. Basi aliyeachwa anatoka mara moja kwenda kumpa pole aliyepigwa, kabla hata hajafagia uwanja wake. Ukichelewa, watasema umefurahi, na watu wa Kihesa kwa kusema hawajambo. Severina akatazama: paa lao la makuti limelegea lakini lipo. Akatazama mlimani kwa Bi Somoe, mama wa Kimwera, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akiwauzia mihogo: kuta za mawe zimebaki wazi, paa halipo.

Bartholomeo alikuwa amekwisha kupanda juu, anafunga makuti. "Nishikie kamba hii kwanza," akasema.

"Ngoja nikampe pole Bi Somoe. Narudi sasa hivi."

"Haya. Msalimie."

Akapanda kilima polepole, katika ule ukimya na ule mwanga mweupe, kama mtu anayekwenda kanisani mapema. Alimkuta Bi Somoe amejibanza kwenye pembe ya ukuta, amejifunika mkeka. Severina akapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Pole sana kwa nyumba."

Bi Somoe alimshika mkono akamvuta chini. "Mumeo yuko wapi?"

"Yuko juu ya paa."

"Ole wetu," yule mama akasema taratibu. "Haujaisha, mwanangu. Huu umepumzika tu. Sasa utakuja wa upande wa pili."

Severina akataka kukimbia kuteremka, Bi Somoe akamng'ang'ania nguo. Na upepo ukaja kutoka kaskazini, mara moja, kwa nguvu yote. Pazia la mvua likafunika kambi, na hakuiona tena. Alimwita mumewe mpaka sauti ikamkauka. Ulipokwisha kweli, kambi haikuwepo, na Bartholomeo walimkuta bondeni, kamba bado amejifunga kiunoni. Walimzika pale pale, pamoja na wengine.

Safari ya kurudi ilipita Masasi na Songea, lori juu ya matope, na Severina aliiona yote kwa mbali, kana kwamba anayesafiri ni mtu mwingine. Kilichokuwa karibu ni neno moja tu: atamwambia nini Mama Lusia? Habari ya kifo ilikwisha kutangulia. Alichokuwa hakijui mama mkwe ni kwamba yeye hakuwepo. Fanueli, kijana wa Njombe waliyekuwa naye kambini, alimshauri vizuri tu, kwa huruma. "Sema mlikuwa wote ndani, ukuta ukaangukia upande wake. Nani atakwenda kuuliza? Ukisema ulimwacha, shemeji, huna nyumba." Severina aliyajaribu maneno hayo kimoyomoyo, Songea yote, Njombe yote, mpaka yakawa laini mdomoni.

Alimkuta Mama Lusia uwanjani, amenyoa nywele, anamenya maharage.

"Kamwene, mama," akamwamkia.

"Kamwene." Akamsogezea kigoda. Halafu Mama Lusia akaanza kusema, macho kwenye maharage. "Upepo wenu ule ulitufikia hapa, unajua? Ulikuwa umekuwa manyunyu. Manyunyu matamu, yakaanguka mchana kutwa. Nilikuwa nashukuru. Nilisimama hapa nashukuru, na mtoto wangu ameshakufa." Akainua macho. "Ulikuwa naye?"

Yale maneno ya Fanueli yalikuwa tayari. Severina akafungua mdomo, na yaliyotoka ni mengine. "Sikuwa naye. Aliniomba nimshikie kamba, nikamwacha, nikaenda kumpa pole mama mmoja aliyeng'olewa paa. Nilidhani imepita, mama. Nilidhani ni kama mvua ya mawe ya kwetu."

Mama Lusia aliweka chini ungo. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na Severina hakuthubutu kumgusa. Alijua nani anampa nani pole, na alijua yeye ndiye aliyeachwa mzima. Akapiga magoti, akaanza, "Pole, ma..."

"Nyamaza," Mama Lusia akasema. Akainuka, akaja akapiga magoti yeye, magoti ya mama mkwe mbele ya mke wa mwanawe, jambo ambalo mimi sijaliona popote. Akamshika uso kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu. Mimi nimebakiwa na wewe. Wewe umebakiwa na nani?"