Maneno Matano ya Sista Agneta

Nakumbuka wiki moja, mwanangu, nikiwa kidato cha nne kwenye shule ya wasichana kule Parklands, nilipomfundisha rafiki yangu kudanganya kuhusu kichwa chake mwenyewe. Weka simu chini unisikilize. Najua umenuna kwa sababu nimesema Jumamosi huchezi. Nuna tu, bora masikio yabaki wazi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo. Nilikuwa nahodha wa timu ya hoki, na mdomo nilikuwa nao. Rukia, binti wa mzee mmoja muuza vitambaa katikati ya jiji, alikuwa beki wetu. Mpole kweli, lakini uwanjani hapitiki. Jumatatu hiyo mazoezini aligongana vichwa na mwenzake. Hakuzimia. Alikaa kwenye nyasi akacheka, kisha akaniuliza mara tatu tunacheza na nani Ijumaa. Ijumaa ilikuwa nusu fainali.

Sista Agneta, muuguzi wa shule, alikuwa na kadi yake ya zamani. Ukigongwa kichwa anakupumzisha, halafu anakusomea maneno matano, mnaongea mambo mengine kidogo, kisha anataka uyarudie. Ukiyakosa, huanzi hata mazoezi. Kadi ilikuwa ile ile kila mwaka, na mimi nilishapimwa nayo nikiwa kidato cha tatu. Kikombe, mlango, sabuni, barua, ndizi. Mpaka leo ninayo.

Basi nikamketisha Rukia nyuma ya jiko la shule.

"Wanjiru, kichwa bado kinaniuma," akasema. "Hata hili jua linanikera."

"Utameza dawa. Wewe shika haya maneno, usituangushe."

Siku mbili nzima tulikariri. Anafika kwenye sabuni, anapotea, namrudisha mwanzo. Hebu fikiria ujinga wangu: msichana anashindwa kushika maneno matano, nami naona shida ni kwamba hajakariri vya kutosha. Na haikuwa upumbavu tu, mwanangu. Nililitaka lile kombe, nikajifanya sioni.

Alhamisi akapita. Sista akatuambia wazi kwamba kesho ni kutembea tu, siku inayofuata kukimbia polepole, na kichwa kikiuma tunarudi nyuma hatua moja. Tukaitikia, "Sawa, Sista." Ijumaa mwalimu wa michezo aliponiuliza Sista amesemaje, nikamjibu, "Amepita, mwalimu." Nikaishia hapo.

Kipindi cha pili, Rukia alipigwa kikumbo cha bega, kidogo tu, cha kawaida. Akaanguka. Akatapika, macho yakawa hayamwoni mtu. Tulimkimbiza kwa gari la shule hadi hospitali moja Upper Hill, mimi na Sista tukiwa tumemshikilia huku nyuma. Daktari akainama akamwuliza jina lake.

"Kikombe," Rukia akasema. "Mlango. Sabuni."

Sista Agneta akageuka akaniangalia. Tulipofika kwenye korido akaniambia polepole, "Kumbe sikupima kichwa cha Rukia. Nilipima chako." Ni heri angenizaba kofi.

Baba yake alifika ameacha duka wazi, kofia mkononi. Akanishukuru kwa kumsindikiza binti yake, akaniita mwanangu. Aibu ile bado ninayo. Nilimweleza ukweli siku ya tatu, nikilia, naye akaniambia nikanawe uso.

Rukia alipona, lakini si kama unavyopona mafua. Miezi alikaa chumbani mapazia yamefungwa, na mtihani wa kidato cha nne ulifanywa bila yeye. Sisi tukaondoka, yeye akarudia mwaka na wasichana wa darasa la nyuma. Hoki hakuigusa tena. Ndiye Shangazi Rukia wako. Ile miwani ya giza anayovaa hata sebuleni kwetu, ambayo wewe na ndugu yako mnaichekea, ni mimi niliyemvisha.

Sasa wewe umegongwa kichwa, na nasikia jana ulimwomba dada yako akufundishe maswali ya daktari. Nimeshampigia kocha wako, na simpigii tena kubadilisha. Kwanza utapumzika. Darasani utarudi taratibu. Maumivu yakiisha kabisa, utatembea, kisha utakimbia, kisha utashika gongo la hoki peke yako, kila hatua na siku yake. Kichwa kikilalamika, unarudi nyuma. Mechi itakuja mwisho, daktari akisharidhika. Na akikuuliza unajisikiaje, usimpe jibu zuri. Mpe la kweli, hata kama timu nzima imesimama mlangoni inakungoja.

Wakikucheka, waambie mama yako ndiye mkali. Mimi lawama hizo nitazibeba. Mungu akutunzie kichwa hicho mpaka kiote mvi, na kila atakayekuuliza jina lako umjibu jina lako.