Mjukuu wangu, beseni la chuya, na kosa langu la kusifu ukimya

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, aliyewapa hata watoto wachanga masikio, macho na mikono kabla hawajajua kuomba. Rehma na amani zimfikie Mtume wake.

Wakuu, assalaam alaykum, na wa imani nyingine habari zenu.

Nimeona humu mnabishana kama madarasa ya michezo ya watoto wachanga, yale ya kuchezea maji na mchanga, yana faida au ni mambo ya watu wa Dar wasio na kazi. Mimi ni mzee. Nitasema niliyoyaona, bila kutia chumvi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu. Nilikuwa nasomesha madrasa Mohoro, na kama wenzangu nilikuwa na shamba la mpunga bondeni.

Kwa wasiojua kwetu: msimu wa mpunga familia huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Chini kuna maji, nguruwe pori, na siku nyingine mamba. Mtoto mchanga hashushwi. Ama yupo mgongoni kwa mama, ama kafungwa kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo, asianguke.

Mjukuu wangu Mwajuma alikaa hivyo msimu mzima. Halii, hagusi kitu.

Nami nikawa namsifu kwa wageni: "Tazameni mtoto mwenye adabu." Mama yake, mkamwana wangu Asha, akimpa kifuu agongegonge, namwambia akiondoe, mtoto asizoee makelele.

Tuliporudi nyumbani baada ya mavuno alikuwa na miezi kumi. Ukimkalisha anakaa, lakini mikono kaikunja ngumi. Ukimwita hageuki. Ukimpa kijiko kinadondoka.

Mke wangu akaanza maneno. "Kwao Asha, kijijini Mkongo, wana mabubu hao. Arudi kwao na mwanawe, mwanangu aoe pengine."

Mwanangu akawa anasubiri neno langu. Asha akaja akapiga magoti. "Baba, nipe mwezi mmoja tu. Nitampeleka kwa Bi Tatu."

Nikampa.

Bi Tatu alikuwa mkunga aliyekwisha kustaafu. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi alikusanya kina mama na wachanga wao barazani kwake. Mabeseni ya plastiki ya rangi rangi ndiyo kwanza yalikuwa yakiletwa kutoka Kibiti, naye akayapanga mkekani: hili maji, hili tope la mtoni, hili majani ya ukindu, hili chuya, zile punje zenye maganda tunazozichambua kwenye mchele.

Siku ya kwanza nilikwenda kugomba. "Bi Tatu, riziki ya Mungu mnaifanya mchezo?"

"Chuya hizi, Maalim. Zikitoka hapa zinakwenda kwa kuku. Au kuku wako wewe umewafundisha wasichakure?"

Kina mama wakacheka. Mmoja akadakia: "Mwacheni Maalim wa watu, yeye alizaliwa na kanzu!"

Nikaona nikae nitazame.

Wakuu, sijapata kuona mwalimu kama yule. Hakuna mama aliyeruhusiwa kuinuka, mtoto asije akapaliwa na punje. Kila kitu kilitajwa mkono ukiwa ndani yake: "Baridi hiyo! Haya, na hii kavu. Hili linateleza." Mtoto akikunja uso kwa tope, halazimishwi. Anaachwa, baadaye anarudi mwenyewe. Mimi nilikuwa nafundisha herufi kwa kidole juu ya ubao. Yule mama alikuwa anakifundisha kwanza kile kidole.

Kisha akamchukua Mwajuma, akaikunjua mikono yake taratibu. "Huyu haonekani mgonjwa. Mikono yake haijapewa kazi. Nani alisema mtoto anyamazishwe?"

Asha aliinamisha kichwa. Hakunitaja.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza pia. Nikasema, "Ni mimi."

Hapakuwa na muujiza. Wiki mbili ngumi zilibaki ngumi. Wiki ya tatu kidole kimoja kikaingia kwenye chuya, kikatoka, kikarudi. Nyumbani mimi mwenyewe nikawa namtafutia vifuu, naye akaanza kutambaa kuvifuata.

Mwezi ulikuwa haujaisha, mke wangu yupo uani anapepeta mchele. Ungo ukasema shwaa, shwaa. Mwajuma akageuka. Akatambaa mpaka pale, akatia mikono yote miwili, akaumwaga mchele wote chini.

"We mtoto!" bibi yake akapiga kelele.

Mtoto akacheka. Kicheko kikubwa, cha kwanza tulichowahi kukisikia. Mke wangu akaketi chini kwenye mchele, akamkumbatia, akalia. Halafu akaita: "Asha, mwanangu, njoo usikie."

Tangu siku ile Mkongo haikutajwa tena nyumbani kwangu, ila kwa kwenda kusalimia wakwe.

Nilichojifunza ni kwamba si kila ukimya wa mtoto ni adabu. Sisemi beseni ni dawa ya kila kitu, mwenye wasiwasi ampeleke mtoto kliniki. Lakini mwacheni mtoto aguse, amwage, achafuke, nanyi mkae karibu mkimtajia majina.

Uzi huu ananiandikia Mwajuma mwenyewe. Vidole vyake vina kasi, ananiambia, "Babu, sema upesi."

Wenye watoto, na wanaonipinga, karibuni mchangie, nitasomewa yote. Mungu amrehemu Bi Tatu, na wewe uliyesoma hadi hapa akujaalie nyumba yenye kelele za watoto wenye afya. Amin.