Soda ya Jirani

Kwenye kliniki ya kisukari, msichana mwenye sare za chuo cha uuguzi alinieleza tena namna ya kujidunga insulini, kisha akaniambia, "Sasa mama, nifundishe wewe. Nichukulie kama sijui kitu."

Nilimkazia macho. Ananipima akili, au kweli hajui?

Wiki hiyo sikuwa namwamini mtu. Asubuhi moja nikiwa kwenye kibanda changu cha mboga huko Kayole, nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nikaona kiza. Mama wa kibanda cha pili akaja mbio na soda, akaninywesha. Mtu tunayegombania naye wateja, hajawahi kuninunulia hata maji, leo soda? Nilijua kuna kitu alikuwa amenitilia. Tangu hapo, hata chai nilikuwa nainywa nimempa mgongo.

"Si wewe ndiye umesoma?" nikamfokea msichana. Hakubanduka. Basi nikamweleza ili niende zangu: naamka, najidunga, naenda sokoni kuchukua mboga, nafungua kibanda, nikipata nafasi nakula.

Uso ukambadilika. "Mama, ukijidunga halafu ukae bila kula, sukari inashuka mno. Unaweza kutetemeka, utokwe na jasho, uone kiza."

Nikavuta kiti karibu naye.

"Ikifika hapo, kunywa kitu chenye sukari haraka. Hata soda."

"Soda yoyote?" nikamuuliza. "Hata ya kupewa?"

"Hata ya kupewa, mama."