Mheshimiwa Asipewe Maiki

Mpaka leo, mtu akipuliza maiki na kusema "moja, mbili, moja, mbili," mimi napata harufu ya ubani. Mwezi uliopita ilinitokea harusini, Kerege, ukumbini, watu wamependeza na biriani inanukia mpaka nje. Mshereheshaji alipojaribu mitambo yake, macho yangu yakaanza kutafuta jeneza. Shoga yangu akaniuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba nimemkumbuka mbunge wetu wa zamani. Akacheka akidhani ni utani, nami nikamwacha acheke, kwa sababu kisa chenyewe si cha kusimulia mbele ya biriani. Ninyi nitawasimulia.

Tulikaa ndani kabisa, ukishaipita Fukayosi, kijiji cha mihogo na ufuta. Kati ya kijiji na barabara ya magari kulikuwa na korongo. Kiangazi lilikuwa mchanga mtupu, sisi watoto tukicheza kombolela humo. Masika lilijaa maji mekundu yenye magogo na mizoga ya mbuzi, na hapo hakuna aliyeingia wala kutoka mpaka maji yenyewe yaamue kupungua. Wazee wetu hawakuwa na tamaa. Hawakuomba daraja. Waliomba kalavati, yale mabomba ya zege yanayofukiwa chini ya njia ili maji yapite, basi. Ombi hilo lilikuwapo tangu mama yangu hajaolewa.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mwantumu. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na siku nikimuudhi alinitangazia talaka kwa niaba ya marehemu babu. Alikuwa mfupi, mkali, na akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya kanga kuficha pengo ambalo kijiji kizima kililijua.

Na mbunge. Jina lake silitaji. Alilibandika mwenyewe kwenye kila ukuta na kila mti, halihitaji msaada wangu. Kwa simu alikuwa hapatikani. Ukienda ofisini kwake unamkuta kijana mmoja anayekwambia mheshimiwa yuko Dodoma, bungeni, na waliobahatika kufika Dodoma waliambiwa mheshimiwa yuko jimboni. Mkutano wa kusikiliza shida za watu hakuitisha hata siku moja. Lakini mtu afe sasa! Maiti hajaoshwa, pikapu imeshafika na spika mbili ndefu kuliko mimi, na jenereta, na kijana wa kupuliza maiki. Mwenyewe alifuata baadaye, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama, akishuka garini kwa ule mwendo wa mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Makaburi yetu yalikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya shamba la mihogo. Wanaume walikwenda kuzika, sisi wanawake tukabaki uani na vyetezo na vilio vyetu, na kwa spika zile kila kitu tulikisikia. Dua ya shehe ilikuwa fupi. Kisha: "Mheshimiwa mbunge ana neno." Neno! Lilikuwa lori zima la maneno. Alianza na marehemu, ambaye mara nyingi alimkosea jina, akapita kwa wakubwa wote wa serikali akiwashukuru mmoja mmoja, akatua kwake mwenyewe.

"Ndugu zangu, mimi sina makuu. Msiba wenu ni msiba wangu. Yuko wapi mwingine anayekuja kuwazika? Nitajieni!"

Watu waliosimama juani na udongo mikononi wangemtajia nani? Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba walimpenda. "Mbunge wetu anazika," walisema kwa majivuno, kama mtu anayesema ng'ombe wetu anatoa maziwa.

Mimi mwenyewe niliamini kwamba hiyo ndiyo kazi. Nikiwa darasa la nne, mwalimu wa uraia alituuliza kazi ya mbunge ni nini. Nikanyoosha kidole kwa pupa, nikasimama. "Kuzika, mwalimu." Hakuna aliyecheka, kwa kuwa darasa zima lilikuwa na jibu hilohilo mdomoni. Mwalimu, mgeni wa kutoka bara, alinitazama kidogo, akageukia ubao akaandika: kutunga sheria, kuwasemea wananchi. Nilinakili bila kuamini. Nyumbani nikamwambia Bibi kwamba nimekosa swali. Akasonya.

"Hukukosa, mke mwenzangu. Mwalimu wako kaandika kazi ya wabunge wa watu. Huyu wetu mzikaji."

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha usiku na mchana. Mama yangu mdogo, Zuhura, kitindamimba wa Bibi, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, ndiye aliyenisuka nywele na kunipaka hina kwenye kucha za miguu, na Bibi alimpenda waziwazi kuliko wenzake. Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga wa kijiji alipoiona damu akasema huyu si wangu, huyu wa hospitali. Mjomba Rajabu, kaka yake, na wanaume wengine wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakamfunika turubai, wakambeba mpaka korongoni, nasi nyuma yao.

Ng'ambo gari lilikuwa linasubiri. Dereva aliwasha taa, tukaziona. Maji yalikuwa ya kifuani na yanakwenda mbio. Wakaingia, mwenzao mmoja akateleza, kitanda kikainama, wakarudi. Wakajaribu upande wa juu, wakarudi. Mjomba alikuwa akiyatukana maji kwa Kikwere, akiyatukana kama mtu. Mama mdogo alinyamaza kabla mvua haijanyamaza. Alifia pale ukingoni, na mtoto tumboni, gari likiwa mbele ya macho yetu. Sina maneno ya kupamba hapo na sitaki kuyatafuta.

Kesho yake asubuhi kukapambazuka na jua. Maji yakashuka mpaka magotini. Na mheshimiwa akaja.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, hajatoa chozi. Tukasikia maiki ikipulizwa, moja, mbili, moja, mbili. Tukasikia dua. Kisha akaanza yeye.

"Ndugu zangu, leo mmeona wenyewe! Mimi mbunge wenu nimelivuka korongo kwa ajili ya dada yetu Zulfa!"

Zulfa. Nilikuwa nimemwegemea Bibi, nikahisi mwili wake mzima ukisubiri. Mtu amesimama juu ya kaburi la mwanamke aliyeuawa na korongo, anataja korongo kwa mdomo wake, basi neno linalofuata si litakuwa kalavati? Tulingoja. Likaja neno uchaguzi.

Jioni Mjomba Rajabu aliingia uani kumpa mama yake pole, na katika kueleza mambo yalivyokwenda akasema, tena na fahari kidogo, "Spika walivusha vijana. Hata mheshimiwa, mama, nilimbeba mimi mgongoni. Hakulowa hata kiatu."

Bibi akainua uso. "Umembeba wewe?"

"Mgeni, mama. Kaja kutuzikia."

"Dada yako jana mlirudi naye. Huyu umevuka naye."

"Maji yalikuwa yamepungua, mama."

"Najua yamepungua, Rajabu."

Hakupandisha sauti. Mjomba akajikuta amekaa chini, kichwa kati ya magoti, akalia kwa kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwa mwanamume mzima.

Arobaini ilipokwisha Bibi alimwita Mjomba na shehe wa kijiji, mimi nikiwa namkanda miguu. Akawaambia sanda yake iko sandukuni, na kitanda chake apewe nani, na mikorosho ivunwe vipi. Kisha akasema, "Yule bwana akija kunizika, msimfukuze. Atie udongo kama wenzake. Lakini maiki asipewe."

Mjomba akababaika. "Mama, yule ni mheshimiwa."

"Ndiyo maana nawaambieni."

Shehe alivuta ndevu, akasema wasia ni wasia, atakayeuvunja ajibu mwenyewe mbele ya Mola. Mimi niliona aibu. Niliona Bibi ana kinyongo na anataka kututia fedheha kijijini. Kwa akili yangu ya wakati ule, kutajwa jina kwenye spika kubwa kiasi kile ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho ya mtu, hata jina likikosewa.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu, uchaguzi umekaribia. Pikapu iliwahi kuliko wajukuu wengine. Mchana kutwa nilimtazama Mjomba Rajabu akizunguka nyumba bila kazi, anashika hiki anaacha, anafuta jasho ambalo halikuwapo. Nilijua anachokiogopa. Walipokwenda kuzika, uani wanawake wote walinyamaza, kwa kuwa wasia ule ulishazagaa. Moja, mbili, moja, mbili. Dua. "Mheshimiwa mbunge ana neno." Kisha sauti ikatoka kwenye spika, ikitetemeka, na haikuwa ya mbunge.

"Mheshimiwa, utusamehe. Marehemu mama yetu ameacha wasia. Kasema uzike, usiseme."

Spika zikawa zinakoroma tu. Kisha, kwa mbali, maiki ikamnasa yule bwana akinong'ona, "Lakini spika ni zangu."

"Ndiyo, mheshimiwa," akajibu Mjomba, na safari hii sauti haikutetemeka. "Kwa spika tunashukuru. Alfatiha."

Mungu atusamehe. Wanawake wazima, waliofiwa, walifunika midomo kwa ncha za kanga, mabega yakitikisika, na mimi nililia na kucheka kwa pumzi moja mpaka nikapaliwa.

Mheshimiwa alishinda uchaguzi ule, msidhani watu wanabadilika kwa siku moja. Ila wasia wa Bibi uliambukiza. Wazee waliokuwa wagonjwa, na hata wazima wa afya, walipousia mikorosho na mashamba yao walimalizia na lile: na mheshimiwa asipewe maiki. Msiba uliofuata alikuja akakaa, akatazama saa, akaondoka kabla ya chakula. Mwingine akatuma pikapu peke yake. Baada ya hapo hatukumwona tena, na hapo ndipo wengi walipojua alichokuwa akikifuata kwetu. Bibi hakuwahi kuonana naye uso kwa uso, lakini alijua. Sisi tulidhani hatuna kitu ambacho mtu yule angekitaka. Kumbe tulikuwa nacho, watu waliosimama kimya kwa heshima ya maiti, wasioweza kumzomea wala kumuuliza. Bibi akamnyima hicho.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kumbukumbu za vikao vya bunge, miaka yake yote. Kijiji chetu amekitaja mara moja. Alikuwa akieleza kwa nini hakuhudhuria kikao: alikuwa na msiba kijijini kwetu, na tarehe ni ya masika yale. Mama mdogo Zuhura alimfaa mpaka kwa udhuru. Kalavati sikuliona popote. Namdharau kwa moyo wangu wote, na sitaki kuambiwa nisamehe.

Aliposhindwa hatimaye, alilalamika redioni kwamba watu wa kwetu hawana shukrani, na jinsi alivyowazika.

Kalavati bado. Masika Mjomba Rajabu, mzee sasa, hushinda ukingoni na kamba na vijana, wakivusha wajawazito mapema kabla maji hayajapanda. Mwaka jana alifika mgombea mpya, kanzu nyeupe, akasimama pale akiinua pindo na kutazama migongo ya watu. Mjomba alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za safari.

"Maji ya magotini tu, mheshimiwa," akamwambia. "Vua viatu."