Video Iliyozima Ngoma ya Habaryar

Wiki jana nilirudi Garissa kwa harusi ya binamu yangu, na mlangoni mwa ukumbi mama mmoja mwenye mfuko akaninyang'anya simu kabla hata sijamaliza salamu. Akanipekua mkoba, akanipapasa hata chini ya shela. Sikukasirika. Ningekuwa mimi pale mlangoni, ningewavua watu mpaka viatu.

Nilipokuwa mdogo, mtaa wetu ulikuwa na starehe za aina mbili. Wanaume walikuwa na vibanda vyao vya mpira na miraa, kelele hadi msikitini. Sisi tulikuwa na ukumbi wa mabati nyuma ya maduka, na siku ya harusi mwanamume hakanyagi. Hebu fikiria lile joto, moshi wa ubani wa uunsi, halwa imeganda vidoleni, chai ya maziwa ya ngamia, na mitungi ya plastiki ikipigwa ngoma. Mashela yanavuliwa, nywele zinaachiliwa. Ndipo habaryar, mdogo wake mama, anaruka katikati kucheza buraanbur, akiyajibu mashairi ya wanawake kwa mabega na miguu. Akicheza yeye, hata bibi na magoti yake mabovu alisimama. Nilimwonea fahari mno.

Mwalimu wangu, mama jirani yetu aliyetoka Meru, hakukosa kualikwa. Alijua kupiga vigelegele kuliko wengi wetu. Kisha, baada ya harusi moja, maneno yakazagaa: habaryar amerekodiwa kichwa wazi, video iko kwenye simu za vijana wa vibandani. Bibi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Nani alikaa na mkoba mapajani? Nani si wa kwetu? Hata mimi nilianza kumtazama mwalimu kwa jicho la pembeni darasani.

Bibi akamvizia langoni.

"Mwalimu, hiyo simu yako nabiga bicha?"

Mwalimu akadhani anaombwa picha. Akacheka, akaitoa. "Inapiga vizuri sana, mama. Simama hapo nikupige moja."

Akawa amejimaliza. Tangu siku hiyo hakuna sahani iliyovuka ua wetu kwenda kwake, na muhula ulipoisha akaomba uhamisho. Mume wa habaryar naye akaapa kwamba akicheza tena, ni talaka.

Ukumbi wa mabati umebomolewa, pamejengwa ghorofa. Mwalimu sijui yuko wapi, na ninamkumbuka. Wiki jana ngoma zilipopamba moto nilimkuta habaryar amekaa ukutani, mikono mapajani, shela kichwani, yeye peke yake aliyejifunika katika ukumbi mzima. Nikashindwa kuvumilia.

"Habaryar, wewe uliiona ile video?"

"La."

"Mume wako je?"

"Aliambiwa."

"Na nani?"

"Na watu. Nao waliambiwa." Akavuta shela mbele. "Wallahi, aliyeiona kwa macho yake namtafuta mpaka leo."